Hodi ya Mama Mwenye Nyumba

Watu wakinitaka niwaambie mtaa upi ni mzuri wa kukaa, huwa nanyamaza. Wanangu wanadhani ni uzee. Si uzee. Niliwahi kuulizwa swali kama hilo zamani, uani kwa mtu, nikalijibu vizuri sana, na aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo. Mwenye ua huo ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake silitaji, naona sina haki nalo. Sisi wapangaji wake tulimwita Mama Mwenye Nyumba, na yeye aliitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Nyumba ilikuwa Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni, katika miaka ya hamsini. Ilikuwa ya vyumba sita kama zilivyokuwa nyingi: ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu kila upande, na huko uani jiko, bafu, choo, na mabanda mawili ya udongo yaliyoezekwa makuti. Mimi na mume wangu tulikuwa na chumba cha pili kushoto. Tulitoka Kilimanjaro, tumeoana mwaka ule ule. Yeye alifanya kazi karakana ya reli, Gerezani. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa chumbani na kuuona mji mchafu.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake kubwa kuliko mwili. Kwenye pembe ya kanga yake alifunga fundo la funguo: za vyumba vyote, za kabati, za sanduku, na nyingine za makufuli yaliyokwishapotea hata yeye hayakumbuki. Akitembea zililia. Ukiwa umelala kitandani mchana unamfuata kwa masikio tu: sasa yuko uani, sasa kwa fundi cherehani wa chumba cha nyuma, sasa anakuja kwako. Na akija kwako hakuomba ruhusa. Alisukuma pazia, akaingia, akakaa kitandani, akafunua sufuria.

"Mchaga wangu," aliniuliza mara moja, mfuniko mkononi, "ndizi hizi umezipika kwa hasira?"

Kweli nilikuwa na hasira, na sababu yake ilikuwa yeye. Nililelewa misheni. Sisi tulifundishwa kwamba mlango una maana yake. Nikavumilia wiki ya kwanza, nikavumilia mwezi, mwisho nikamwambia kwa upole niliokuwa nao, "Mama, kwetu mtu akitaka kuingia kwa mwenzake hupiga hodi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto amevaa nguo kinyume. "Na huku pia tunapiga. Lakini hodi ni ya mgeni, mwanangu. Mimi ni mgeni wako?"

Akachukua kipande cha ndizi, akala.

Ajabu ni kwamba kwa hodi za watu wengine alikuwa mkali kuliko askari. Mtu akipiga hodi mlango wa mbele, awe muuza samaki au ombaomba, ilikuwa lazima aitikiwe kabla hajairudia. Aliitika akiwa bafuni na povu la sabuni masikioni. Kama yuko kwenye sala, aliinua sauti ya takbira ili mgeni ajue kuna mtu na asubiri. Siku moja sote tulidhani mwenzetu ameitika, kumbe hakuna, na mwanamke wa watu akapiga hodi tatu akaenda zake. Mama Mwenye Nyumba aliporudi akaambiwa na jirani. Alitukusanya ukumbini, watu wazima, wanaume na ndevu zao, akatusema mpaka jioni. "Hodi tatu," alikuwa akirudia. "Tatu, na nyumba ina watu. Mtaa mzima utasema hapa kwangu ni makaburini."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha mji, na alikitumia waziwazi. Kuna wakati mtoto wa dada yake alikuwa anaolewa na anatafutiwa chumba. Mama Mwenye Nyumba akanichukua tuzunguke naye, kwa kuwa najua kusoma mbao za majina ya mitaa. Mimi nilitazama kuta, mabati, bomba la maji liko wapi. Yeye alichagua mlango wa watu asiowajua kabisa, akasimama, akapiga hodi, na kusikiliza. Akiitikiwa mara moja aliuliza habari ya uongo, "Samahani, hapa ndipo kwa mama fulani?", tukaondoka naye anacheka. Mitaa fulani ya Gerezani ilimpendeza: "Hapa hata kuku wanaitika." Mchafukoge, kwenye nyumba za ghorofa, alisimama chini ya ngazi akaita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyesikia. "Unaona," akaniambia, "hodi imepotelea ngazini. Mtu atazaa huko juu, atakufa, na wa chini anakaanga vitumbua."

Tulikwenda pia kuziona kota mpya za serikali zilizokuwa zikijengwa upande wa Ilala. Mimi moyo ulinidunda. Saruji mpya, madirisha yenye vioo, kila familia na mlango wake. Yeye aliingia ndani, akageuka huku na huku, akanyoosha mikono kama anayepima kitambaa, kisha akamwita msimamizi wa mafundi.

"Baba, nyumba ni nzuri. Maiti atatokea wapi?"

Yule mtu akadhani amesikia vibaya. "Maiti gani, mama?"

"Wewe, mimi, yeyote. Kwangu jeneza linapita ukumbini moja kwa moja, watu wanne wamelibeba, halimgusi mtu. Hapa kuna kona hii, na kona ile. Mtampinda?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Mimi nilikuwa natazama dirisha, naona aibu kwa ajili yake. Nilimwona ni mshamba, mimi niliyetoka shambani juzi, na yeye mzaliwa wa mji.

Sifa zake nazieleza, lakini asifikiriwe kuwa malaika. Alikuwa mbishi, na hakuazima kinu chake kwa mtu yeyote, hata kwa mtoto wa dada yake. Alisema mtaa hauangaliwi siku ya jua, unaangaliwa siku ya mvua. Na mvua ikikatika alitoka, kanga ameikunja magotini, kukagua maji machafu yanakwenda wapi. "Mtaa mzuri," alisema, "mmoja anachimba mfereji, na wa pili anaupokea." Maneno mazuri. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hasemi na jirani yake wa kulia, Mwarabu mwenye duka, kwa miaka mingi, na chanzo kilikuwa mfereji huo huo. Kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyeuziba. Salamu zao zilipita kwa wapangaji. "Mwambie huyo mzee mchele wake una mawe." "Mwambie mama huyo aununue kwingine." Ramadhani ikiingia, yeye alimpelekea sahani ya futari kila jioni, na sahani ilirudi na kipande cha halua, na bado hawasemi. Nilipomuuliza imekuwaje, alisema ugomvi ni wa mfereji, tumbo halihusiki.

Katika moja ya mabanda ya uani alikaa mzee aliyeuza kahawa sokoni. Alikuja miaka ya nyuma kuomba kulala usiku mmoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Mwenye Nyumba hakuwa na jembe, akampa dumu la maji na mkaa achemshe kahawa. Hakuondoka tena. Asubuhi kabla ya kubeba birika lake alituachia kila chumba kikombe kimoja mlangoni, na mimi nilikimwaga, maana nilikuwa sijui vikombe vile vinaoshwa wapi. Hilo nalo naliandika.

Sasa nifike kwenye homa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mume wangu yuko kazini. Nilianza kutetemeka asubuhi, nikataka kuamka ninywe maji, nikaanguka kati ya kitanda na sanduku. Ulimi ulikuwa mzito, siwezi kuita. Nikasikia funguo uani. Nikazisikia ukumbini. Nikazisikia zinapita mlangoni kwangu, kisha zikasimama, pazia likasukumwa. Angekuwa mtu wa kupiga hodi, angeipiga mara tatu, angejua nimelala au sitaki watu, angekwenda zake. Alinipandisha kitandani kwa mwili wake ule mwembamba, akanimwagia maji kichwani, akamtuma fundi cherehani akamwite mganga wa hospitali. Usiku alilala sakafuni kwangu juu ya mkeka. Mimba haikutoka. Mtoto yule ndiye mwanangu wa kwanza, huyu anayeniuliza leo anunue kiwanja wapi.

Wapimaji wa serikali walikuja haukupita mwezi. Kwa kweli alikuja mtu mmoja tu, karani mwenye kaptula nyeupe na soksi ndefu, ana ubao wa kuandikia na karatasi zilizobanwa. Mitaa yote ya upande wetu ilikuwa inaandikwa, nyumba ipi inafaa kukaa watu na ipi haifai. Mama Mwenye Nyumba alikuwa amekwenda mazikoni. Yeye hakukosa maziko ya mtu yeyote. Wanawake wenzangu walikuwa sokoni. Nilikuwa peke yangu uani, nafua.

"Hujambo, bibi. Mwenye nyumba yuko?"

"Sijambo. Amekwenda mazikoni."

Macho yake yakaangukia kitabu cha sala nilichokuwa nimekiweka juu ya ndoo. "Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi afadhali. Tangu asubuhi nauliza watu nyumba ikoje, wananijibu alhamdulillahi. Nikiandika alhamdulillahi, ofisini watanifukuza."

Nikacheka. Nilimletea kigoda. Hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kuniuliza maoni yangu juu ya kitu chochote, na huyu ameninyooshea kalamu. Tena akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba wanaokaa pabaya zaidi ndio watakaofikiriwa kwanza kwa kota mpya. Nikaona madirisha yale ya vioo.

Basi nikasema. Nikamwambia tuko watu kumi na wanane, na katika hao nikamtia bwana harusi wa yule mtoto wa dada, aliyekuja kulala siku mbili tu. Choo kimoja. Moshi wa jiko unaingia vyumbani. Mabanda ya uani kuta zake zimepasuka, na yuko mzee mle ndani anayechemsha kahawa chini ya makuti. Karani aliandika haraka, na kila alipoandika nilitafuta lingine.

"Lingine tena, linaloifanya isifae?"

"Mwenye nyumba," nikasema, "huingia vyumbani mwa watu bila hodi."

Akacheka. "Na hilo naliandika. Malalamiko ya mpangaji."

Sikusema uongo hata neno moja. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nilijiambia nikiendelea kufua. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana jioni ile, na kweli hairudiwi mara nyingi hivyo. Funguo sikuzitaja. Nilizijua, na sikuzitaja. Zililia tangu uani mpaka mlangoni kwako. Ukitaka kufunga vazi, ukitaka kufuta machozi, muda ulikuwa nao. Zile zilikuwa hodi yake. Karani angeandika hivyo kama ningemwambia.

Mama Mwenye Nyumba alirudi jioni na sahani iliyofunikwa, wali wa msibani, aliniletea kwa ajili ya mimba. Akaona kigoda mahali si pake.

"Nani alikuja?"

"Mtu wa ofisi, mama. Anaandika nyumba."

"Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha."

"Vizuri," akasema, na kunifunulia sahani. Nilikula yote.

Kota tuliipata mapema kuliko tulivyotarajia. Siku ya kuhama, Mama Mwenye Nyumba alinipa makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, amefunika kwa majivu, nikawashie jiko la kwanza, ili nyumba mpya isianze na moto wa dukani. Nilikishika kigae mkokotenini nikiona haya watu wananitazama. Tulipofika makaa yalikuwa yamezimika. Nikawasha kwa kiberiti, na kigae nikakitupa.

Sitadanganya kwamba niliteseka huko. Nilifurahi. Nilifunga mlango wangu, nikatia komeo, nikakaa katikati ya sakafu ya saruji, sisikii mtu. Mtoto akazaliwa. Jirani wa ukuta mmoja nami, mke wa askari, tuliamkiana tu; jina lake nililijua baada ya miezi minane. Niliwaandikia wazazi kwamba sasa tunakaa mahali pazuri.

Ni mume wangu aliyeleta habari. Alikutana na fundi cherehani karibu na karakana. "Mabanda ya Mama Mwenye Nyumba yamevunjwa," alisema akivua viatu. "Ilikuja karatasi, ikasomwa barazani mbele ya watu. Kuna mtu aliwaeleza mambo ya ndani, hawamjui ni nani. Yule mzee wa kahawa amevuka maji pale Magogoni kwenda kwa mpwa wake, na huyo mpwa mwenyewe hata hawajuani."

"Ilisomwa yote?" nikauliza.

"Yote nini?"

"Karatasi."

"Nitajuaje? Imesomwa."

Hakuona kitu usoni mwangu; alikuwa anasugua miguu. Ningemwambia usiku ule, na ningekwenda Kariakoo kesho yake, si mbali, ni mwendo wa mtu mwenye mtoto mgongoni. Nilisema nitakwenda mtoto akiacha kukohoa. Kisha nikasema mvua ikipita. Mama Mwenye Nyumba alifariki miaka michache baadaye, na mimi habari zilinifikia matanga yamekwisha. Mpaka siku hiyo nilikuwa bado nasema nitakwenda. Mara ya mwisho tulipokaribiana, kabla hajafariki, ni yeye aliyenijia, na hata kumwona siwezi kusema nilimwona.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika. Nilikuwa nimetoka bombani, nimemweka mtoto chini, nimefunga mlango. Nikasikia funguo.

Nilizijua kabla akili haijazijua. Mwili ulikwishaamka. Zilikuja kwa njia ya bombani, zikasimama kwa jirani kama anayeuliza, zikaja mlangoni kwangu. Nikafurahi, Mungu ananiona, nikafurahi na kunyoosha mkono kwenye komeo, nikijua atasukuma tu, ataingia, atakaa kitandani na kufunua sufuria, na yote yatakuwa yamekwisha.

Hakusukuma.

"Hodi," akasema.

Sauti ilikuwa ya chini, ya adabu, sikuwahi kuisikia kwake. Ndipo nilipojua kwamba karatasi ilisomwa yote, mpaka mstari wa mwisho, na kwamba katika nyumba ile ya watu wasiojua ni nani aliyesema, mmoja alijua.

Sikulivuta komeo. Mtoto akanitazama, nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, naye akadhani ni mchezo, akatabasamu kimya.

"Hodi."

Nilikuwa na neno la kuitikia, silabi tatu, mtoto wa miaka miwili analiweza. Nikawaza niseme nini baada ya hilo. Niliona uso wake. Nikaona ni heri asubiri kidogo, nijipange.

"Hodi humu ndani."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Akasimama kidogo zaidi ya desturi. Nilisikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na mke wa askari, ambaye siku zote hakuwa na neno nami, siku hiyo akapata wema wa kusema.

"Shikamoo, mama. Wamo humo, gonga tu. Nimemwona akiingia na ndoo sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu." Labda alikuwa anatazama chini, nyayo zangu za maji mlangoni, mbichi. "Hapana, hawamo. Wangekuwamo wangeniitikia."

Funguo zikaondoka polepole, zikapita bombani, zikapinda kona. Nilisimama pale pale, komeo mkononi, mpaka mtoto akachoka na mchezo akaanza kulia.